Mbung'o, gesi na AC ya gari: historia niliyoikuta chini ya boneti, Mpanda

Najua nimepotea. Nilikuwa Mpanda kwa mambo ya familia, na kama kawaida yangu nilikwenda na daftari. Nilidhani nitarudi na habari ya viboko wa Mto Katuma au ya reli. Nimerudi na habari ya AC ya gari. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Ilikuwa Oktoba, na anayeijua Katavi anajua Oktoba ni nini. Mvua bado, ardhi imekauka, viboko wamebanana kwenye matope kama abiria wa daladala jioni. Tulikuwa tunatoka Mpanda mjini kwenda Kibaoni kwenye arobaini ya bibi yetu. Garini tulikuwa wanne na nusu: shemeji yangu kwenye usukani, mimi pembeni, nyuma baba mkubwa na dada yangu, na mtoto wa dada wa miezi mitano. Ukitoka Mpanda unakwenda kilomita 35 hivi hadi Sitalike, na ukipita hapo barabara inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Kabla hatujafika Sitalike AC ikaanza kupuliza upepo wa moto.

Shemeji akasema si kitu, tufungue vioo. Tukafungua. Tuliposogea mbele kidogo ya Sitalike wakaingia. Mbung'o! Kama hujawahi kuumwa na mbung'o sijui nikueleze vipi. Anaingiza kitu kama sindano, na shati halimzuii. Ukimpiga kofi anaruka kana kwamba hujamgusa. Tukafunga vioo. Dakika kumi baadaye mtoto alikuwa amelowa jasho, analia mpaka sauti inakauka. Tukafungua tena, mbung'o wakarudi. Dada akasema, "Mimi siendelei. Rudisheni gari." Tukageuza kurudi Mpanda.

Nataka niwaeleze kilichofuata, maana siku hiyo nilijifunza historia tatu kwa mpigo: ya mbung'o, ya AC na ya gesi. Zote zilikuwa ndani ya gari moja.

Tuanze na mbung'o. Njiani baba mkubwa hakuwa na wasiwasi kabisa. Alikuwa anawaua mmoja mmoja kwa kuwabana na kidole kwenye kioo. Nikamuuliza, "Baba mkubwa, kwa nini wanalifuata gari?" Akasema, "Mwanangu, mbung'o anadhani gari ni nyati." Nilidhani anatania, kumbe ndivyo wataalamu wanavyosema. Mbung'o anayeishi porini huwinda kwa macho na kwa harufu. Kitu kikubwa cheusi kinachotembea, kwake ni mnyama mwenye damu. Rangi nyeusi na buluu zinamvuta zaidi, ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Gari linalokwenda polepole porini ni kama umepiga kengele ya chakula.

Huyu mdudu ndiye aliyechora ramani ya Katavi. Anaeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika porini na kuwakusanya katika vijiji vikubwa, ili pori lililowazunguka lifyekwe na malale yadhibitiwe. Pale watu walipoondolewa, pori lilirudi, wanyama wakarudi, na mbung'o wakarudi pia. Maeneo mengi tunayoyaita leo "mapori ya asili" yaliwahi kuwa na mashamba na makaburi ya watu. Wazee wa Kikonongo, Kibende na Kipimbwe wanalijua hilo bila kusoma kitabu. Hifadhi ya Katavi yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa miaka ya 1990, na sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 4,400.

Waingereza walikuwa na mtaalamu wao wa mbung'o, Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti Shinyanga. Mwaka 1936 alitoa kitabu kizima juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki, na mwaka 1938 akafa katika ajali ya ndege hapa hapa Tanganyika. Aina moja ya mbung'o inaitwa kwa jina lake hadi leo. Enzi hizo barabarani kulikuwa na vituo vya kukagua mbung'o. Unasimamishwa, mtu anakuja na wavu mdogo, anawakamata mbung'o waliong'ang'ania gari lako ili usiwapeleke upande wa pili. Baba mkubwa anasema marehemu baba yake aliwahi kusimamishwa akiwa na baiskeli! Mpanda baiskeli naye alikaguliwa mgongoni.

Haya, tumefika Mpanda. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja wa AC. Sitamtaja jina, lakini ni kijana wa umri wangu, mpole, na anaongea anapofanya kazi, jambo ambalo mwandishi analipenda.

Shemeji akamwambia, "Fundi, ongeza gesi tu, tuna haraka." Fundi akajibu kwa adabu, "Kaka, gesi ya AC siyo petroli. Haiishi. Kama imepungua, kuna mahali imetoka. Ngoja tuulize gari kwanza."

Tuulize gari! Hilo neno nililiandika hapo hapo.

Swali la kwanza: upepo unatoka kwa nguvu au kidogo? Ungekuwa mdogo, angetazama filta ya AC, ambayo kwa vumbi letu inaziba kama kichujio cha chai, au feni ya ndani. Wetu ulikuwa na nguvu, ila wa moto. Kwa hiyo shida iko kwenye kupooza.

Swali la pili: inapooza ukiwa mwendoni na kuchemka ukisimama? Hapo angeshuku feni ya mbele, au kondensa iliyozibwa na majani na wadudu. Yetu haikupooza popote.

Swali la tatu: ukibonyeza swichi ya AC, kompresa inaitika? Akatuambia tunyamaze. Shemeji akabonyeza. Kimya. Kwa kawaida unasikia "ta!", klachi ya kompresa ikishika, na injini inashuka pumzi kidogo kwa sababu imebebeshwa mzigo. Yetu haikushika.

Fundi hakukimbilia kusema kompresa imekufa. Akatazama fyuzi, nzima. Akachomoa rile ya AC akaibadilisha na ya honi, zinazofanana, bado kimya. Ndipo akafunga geji zake, bomba la buluu upande wa shinikizo dogo na jekundu upande wa shinikizo kubwa. Akatuambia kwamba gari likiwa limezimwa, na joto la kama nyuzi 30, geji zote mbili zingetakiwa kusoma sawa, kwenye 90 na kitu. Zetu zilikuwa kwenye 20. "Mmeona? Kuna swichi inayozuia kompresa isizunguke gesi ikiwa kidogo, isije ikajiua. Kompresa siyo mgonjwa. Inajilinda."

Hapa nisimame kidogo niwaambie hiyo klachi inatoka wapi, maana nilipofika nyumbani nilikesha nikisoma.

Mashine ya kwanza ya kupoza hewa kwa mtindo wa kisasa ilibuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, na haikuwa kwa ajili ya watu! Ilikuwa kwa ajili ya karatasi. Kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn kilisumbuliwa na unyevu, karatasi zinatanuka na rangi hazikai mahali pake. Kwa hiyo sisi wa magazeti tuna undugu na AC tangu mwanzo. Kampuni ya Packard ndiyo ya kwanza kuuza gari lenye AC ya kiwandani, ikilionyesha mwaka 1939. Lakini ile AC haikuwa na klachi. Ukitaka kuizima unazima injini, unafungua boneti na kuutoa mkanda kwa mikono! Mtambo wenyewe ulikula nafasi ya mizigo. Haikupata wanunuzi wengi. Ule mlio wa "ta!" tunaoupuuza, basi, ni jibu la tatizo la watu wa mwaka 1939.

Na gesi? Mashine za awali za kupoza zilitumia gesi zinazoua, kama amonia na dayoksaidi ya salfa. Bomba likipasuka usiku, familia haiamki. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kundi la wataalamu likiongozwa na Thomas Midgley lilitengeneza gesi isiyowaka na isiyo na sumu kwa anayeivuta. Ikauzwa kwa jina la Freon, na ile ya magari ikaja kujulikana kama R12. Inasimuliwa kwamba Midgley aliivuta mbele ya watu kisha akaipuliza kuzima mshumaa, kuonyesha kuwa haina madhara.

Wadau, huyu Midgley ndiye pia aliyegundua mwaka 1921 kwamba ukitia risasi kwenye petroli injini haigongi. Risasi hiyo iliwapa watu sumu duniani kote kwa miongo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na zikafanya hivyo kufikia mwanzo wa 2006. Nilipoisoma habari hii nilitikisa kichwa, maana Mpanda ni mji uliojengwa na risasi. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, ilifika mwaka 1950 kufuata mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, lakini reli na mji vikabaki. Baadaye wakaja wakimbizi wa Burundi, Katumba kuanzia 1973 na Mishamo kuanzia 1978, na mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa baada ya kumegwa kutoka Rukwa.

Turudi gereji. Fundi alitaka kutoa ile gesi iliyobaki. Akafungua kidogo kwenye kitambaa, akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena. Kisha akageuka haraka. Baba mkubwa alikuwa amesimama kando, ameshasokota tumbaku yake, kiberiti mkononi.

"Mzee! Shikamoo mzee, naomba usiwashe!"

Baba mkubwa akasimama hivyo hivyo. "Marahaba. Kuna nini?"

"Hii siyo gesi ya AC. Hii ni gesi ya kupikia."

Mimi nilikuwa sijaelewa. Akanisogezea kitambaa. Wallahi ilikuwa ile ile harufu ya jikoni, ya mtungi ulioachwa wazi. Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Hutiwa dawa yenye harufu ile kali makusudi ili mtu agundue inapovuja. Gesi halali ya AC ya gari letu, R134a kama ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, gramu 500, karibu haina harufu.

Shemeji akakumbuka. Miezi miwili nyuma, katika mji mwingine, aliingia gereji moja, akajaziwa "gesi" kwa bei ya kutupa, akafurahi. Na AC ilipooza vizuri tu! Hapo ndipo penye mtego, ndugu msomaji. Gesi ya kupikia inapooza kweli. Hata geji inaweza kusoma namba zinazofanana na za R134a. Mwenye gari hajui, na fundi anayefuata hajui asiponusa. Tofauti ni moja: inawaka.

Nikamuuliza fundi ingekuwaje. Akaniambia kwamba AC ina vipoozeo viwili. Kondensa iko mbele ya gari, karibu na rejeta, na gesi ikivujia pale inachukuliwa na upepo. Kingine, evaporeta, kiko ndani ya dashibodi, pale upepo unapopita kuja usoni kwako. "Ingevujia ndani," alisema, "vioo vimefungwa kwa sababu ya mbung'o..." Hakumalizia. Nikamtazama dada yangu amembeba mwanawe. Naye alikuwa amesikia.

Tulikuwa na bahati. Fundi alisukuma gari hadi uwanjani mbali na kila kitu, akaitoa gesi yote polepole. Kisha akajaza naitrojeni, akapaka maji ya sabuni. Povu likatokea chini kwenye kona ya kondensa, palipogongwa na jiwe. Pale pale palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Akasema hiyo ndiyo alama ya kutafuta siku zote, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri na gesi, na gesi ikitoka huacha nyayo zake za mafuta.

Kwa nini mtu atie gesi ya kupikia kwenye gari? Jibu ni bei, na nyuma ya bei kuna historia. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika kwamba gesi za aina ya R12 zikipanda angani zinaila ozoni, ile tabaka inayotukinga na miale mikali ya jua. Walipingwa sana na wenye viwanda. Mwaka 1985 Waingereza walitangaza kuwa ozoni ya juu ya Antaktika ina tundu. Tarehe 16 Septemba 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Magari mapya yakahamia R134a katika miaka hiyo ya 1990, na midomo ya kujazia ikabadilishwa ukubwa ili mtu asichanganye gesi kwa bahati mbaya. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana na R12 kufikia 2010. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Nobel mwaka 1995.

R134a haili ozoni, lakini inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito ule ule. Kwa hiyo Oktoba 2016 dunia ilikutana tena, safari hii kwa jirani zetu Kigali, ikakubaliana kuipunguza hiyo nayo na ndugu zake. Ulaya magari mapya yote yalitakiwa kuachana nayo kufikia 2017. Sisi tunaonunua magari yaliyokwishatumika Japani tunapokea kila badiliko kwa kuchelewa: gari la zamani, gesi ya zamani, na fundi aliyelazimika kujifunza mwenyewe. Gesi halali ikipanda bei au ikikosekana, mtungi wa jikoni uko hapo karibu.

Siwatetei wanaofanya hivyo. Lakini naona pia kwamba mikataba inasainiwa Montreal na Kigali, na utekelezaji wake unaishia kwenye uwanja wa vumbi Mpanda, mikononi mwa kijana mwenye geji mbili na pua nzuri. Asingekuwa mwaminifu, angetuongezea gesi kama shemeji alivyotaka, akala hela yake, nasi tukaenda.

Sasa arobaini ilikuwa kesho yake, na kondensa nyingine ilibidi itumwe kwa basi kutoka Mbeya. Tungefanyaje? Baba mkubwa akatoa jibu kutoka kwenye historia ya kwanza. Akasema wafugaji wa zamani, walipolazimika kupitisha ng'ombe kwenye pori la mbung'o, walipita usiku. Mbung'o ni mdudu wa mchana, na asubuhi kukiwa na ubaridi anakuwa mzito. "Tuondoke alfajiri, vioo juu, mtoto atavumilia kabla jua halijapanda."

Tuliondoka gizagiza. Sitalike tulipita jua likichungulia. Hewa ilikuwa baridi, AC ilikuwa tupu kabisa, na mtoto alilala njia nzima. Mbung'o waligonga kioo watatu tu, niliwahesabu. Arobaini ya bibi tuliiwahi. Tuliporudi Mpanda fundi alifunga kondensa mpya, akabadilisha mafuta, akavuta hewa yote kwa pampu karibu saa nzima, akapima gramu 500 kwenye mizani. Shemeji akabonyeza swichi. "Ta!" Dada akapiga vigelegele.

Kwa hiyo wadau, mkinijia na AC isiyopooza, nitawauliza kama fundi: upepo una nguvu? Kompresa inaitika? Gesi ilitoka wapi, na aliyeijaza mara ya mwisho alijaza nini? Mwambieni fundi awaonyeshe mtungi wenyewe kabla hajafunga bomba. Na kama mtu anawasha sigara karibu na boneti iliyo wazi, msimwonee haya hata kama ni mzee wenu. Msalimieni kwanza, halafu mzuieni.

Baba mkubwa anawasalimu. Anasema tangu siku ile tumbaku anavutia nyuma ya nyumba, mbali na gari la shemeji, hata kama limezimwa.

Tuonane wiki ijayo, nikijaliwa. Nitawaletea ile habari ya reli niliyoahidi.